Sura ya 4: Tutakula Nini Njiani?

Kila anayepanga kusafiri na gari la kulala huuliza swali hili mapema, pengine kabla ya kuuliza bei ya mafuta. Gari la kulala, kwa maana ya kitabu hiki, ni gari lolote lenye kitanda na jiko lake: Land Cruiser yenye hema juu ya paa, Hiace iliyong'olewa viti ikawekwa godoro, au yale magari makubwa yenye sinki na choo ambayo wageni huja nayo kwa barabara kutoka kusini mwa Afrika. Kulala hakumtishi mtu. Kinachowatisha wengi ni sufuria: nani atapika, apike nini, na vyakula vitakaa wapi visioze?

Wasafiri wa mara ya kwanza huwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza huhamisha jiko zima la nyumbani. Hupakia nyama ya wiki, tenga la nyanya, mafungu ya mchicha na sufuria nne. Siku ya tatu nyama imeshabadilika rangi, nyanya zimepasuka na gari linanuka. Kundi la pili husema, "Hoteli zimejaa njiani, ya nini kujisumbua?" Hao hula chipsi mayai mchana na chipsi kuku usiku, na kabla wiki haijaisha tumbo na mfuko vyote vinalalamika.

Sura hii ina njia ya tatu, nayo ni sentensi moja: gari libebe vikavu, barabara ilete vibichi. Kando ya barabara zetu kuu, mazao ya msimu hupangwa mezani kilomita chache tu kutoka shambani, yakiwa mabichi zaidi na mara nyingi ya bei nafuu kuliko sokoni mjini. Hakuna haja ya kusafirisha nyanya kutoka Dar es Salaam kwenda zinakolimwa. Ukijua kila mwezi barabara inauza nini, nusu ya upishi umeshaimaliza.

## Mipaka minne ya jiko la gari

Jiko la gari lina mipaka minne: moto, maji, baridi na nafasi. Kila pishi katika sura hii limechaguliwa kwa kuiheshimu.

Moto. Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, wa kilo 3 au 6, unatosha. Jiko hilo likifunguliwa sana hula takribani gramu 150 hadi 250 kwa saa, kwa hiyo kilo 3 ni saa 12 za moto mkali au zaidi. Makande yanayochemka saa tatu yasubiri nyumbani. Chakula cha safari kiive ndani ya dakika 40.

Kuna mambo mawili ya moto yasiyo na mjadala. La kwanza: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya gari hutuama sakafuni, pale pale kwenye godoro. Pika nje au mlango ukiwa wazi, funga koki ya mtungi kabla ya kuwasha gari, na mtungi usimame wima ukiwa umefungwa kamba. La pili: jiko la mkaa lisiingie kabisa ndani ya gari au hema, hata mkaa ukionekana umekufa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini.

Maji. Lita 20 kwa siku zinawatosha watu wawili kwa kunywa, kupika na kuosha, wasipoyafuja. Maji yabadili hata uchaguzi wa chakula. Tambi huchemshwa kwa maji mengi ambayo baadaye unayamwaga, ilhali wali hunywa maji yake yote. Ugali ni mtamu, lakini sufuria yake hudai kulowekwa; basi upike siku utakayolala penye bomba, au bandua ukoko wote ukiwa bado wa moto na uule.

Baridi. Friji ndogo ya gari hutumia betri, na gari likisimama siku nzima bila betri ya pili, asubuhi hutawasha injini. Wengi hutumia deli la barafu. Gandisha chupa za maji nyumbani, zipange ndani ya deli, na zikiyeyuka utakunywa maji yake. Barafu ya kumwagwa ovyo huishia kuwa bwawa linaloogesha siagi.

Nafasi. Sufuria moja yenye mfuniko mzito, kikaango kimoja, kisu kikali, ubao wa kukatia, mwiko, chupa ya chai yenye mdomo mpana na hotpoti ya kubebea chakula cha kununua. Vingine ni mapambo.

## Sanduku la vikavu

Tafuta sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Kwa watu wawili kwa wiki moja, lijaze hivi:

- Mchele kilo 3 na unga wa mahindi kilo 2.
- Choroko kilo 1, ambazo Kenya huitwa ndengu. Hazihitaji kulowekwa, na huiva upesi kuliko maharage.
- Dagaa wakavu, waliotolewa vichwa na kukaangwa kidogo kabla ya safari, ndani ya chupa yenye mfuniko. Bila hivyo gari lote litajua kuwa umebeba dagaa.
- Karanga zilizosagwa.
- Tui la paketi au la unga. Nazi nzima hukaa wiki kadhaa, lakini itakudai mbuzi ya kukunia, na mbuzi ina miguu mirefu kwa gari dogo.
- Mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai, iliki, bizari na pilipili manga katika vichupa vidogo.
- Vitunguu maji, vitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Hivi ni vibichi kwa jina, ila vikipata hewa na kivuli huvumilia safari nzima.
- Mayai nusu trei, yasiyooshwa. Yai huwa na utando mwembamba wa asili unaozuia vijidudu kupenya ganda, na ukiliosha unauondoa. Lioshe dakika ile unayotaka kulipasua.

Ongeza vikapu viwili na mifuko ya kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania bara Juni 2019, kwa hiyo usitegemee muuza nyanya wa barabarani akupe mfuko.

Kwa ufupi: sanduku hili peke yake linaweza kukulisha hata ukikwama. Kila kibichi utakachokipata ni cha kulipendezesha.

## Kununua kando ya barabara

Barabarani hakuna mizani nyingi. Mboga na nyanya huuzwa kwa fungu, kwa sado au kwa ndoo. Sado ni kopo la rangi la lita 4 lililogeuzwa kipimo. Kenya utakutana na gorogoro, kopo la takribani kilo 2 linalopimia nafaka. Viazi na vitunguu vinaweza kukungoja kwenye lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa cha kamba juu yake. Wewe una deli na sanduku moja, kwa hiyo lugha yako ni fungu na sado. Usishawishike na ndoo kwa sababu tu ni rahisi.

Kitu kinachookoa pesa kuliko kupunguziwa bei ni kusema unaenda wapi. Pale Ilula, mkoani Iringa, nyanya hupangwa barabarani kwa ndoo, nyekundu zikiwa juu. Mazungumzo yenye faida huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyanya."

"Hizi zimechumwa lini?"

"Leo hii asubuhi. Unazipeleka mbali?"

"Nazila mwenyewe njiani, mpaka keshokutwa."

"Basi ngoja nikuchanganyie."

Atazimwaga kwenye turubai, na mkono utaanza kuchagua: nne nyekundu zilizolainika, za usiku huo; nne zenye wekundu uliochanganyika na njano, za kesho; nne ngumu zenye kijani shingoni, za keshokutwa. Zile ngumu zipange chini ya kikapu, kikonyo kikitazama chini, kwa kuwa mabega ya nyanya ndiyo huchubuka kwanza gari likirushwa na matuta. Laini zikae juu kabisa. Ukiomba "niongezee", utapewa moja au mbili, mara nyingi za kuliwa leo.

Utaratibu huu unafaa kila kinachoiva baada ya kuchumwa: embe, ndizi, parachichi, papai. Nunua kwa ngazi za kuiva. Nanasi na chungwa haviongezeki utamu baada ya kuvunwa. Hivyo vichague vikiwa vimekomaa.

Mengine matatu ya kukumbuka:

- Egesha nje kabisa ya lami, mahali ambapo dereva wa basi anakuona kwa mbali. Kuvuka barabara kuu mbio ukifuata muuzaji ni hatari kwenu nyote.
- Nyama na samaki wabichi nunua ukikaribia kulala, upike jioni hiyo hiyo. Buchani, asubuhi ndiyo saa nzuri ya kupata nyama nzuri, lakini ni saa mbaya kwako mwenye kilomita 300 mbele.
- Uyoga wa porini nunua kwa wenyeji wanaouza kila msimu. Usijichumie, hata ukifanana kabisa na uliowahi kuula. Ipo aina inayoua, na kuupika hakuiondoi sumu yake.

## Barabara inauza nini, lini?

Pwani na kaskazini mashariki mwa Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Kenya, huwa na mvua mbili: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani Iringa, Njombe, Mbeya na jirani zake, huwa na mvua moja ndefu kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana mwezi mmoja unaweza kukukuta na mahindi mabichi mlimani na mchicha bondeni. Kalenda hii ni ya jumla, na mvua zikichelewa nayo huchelewa.

- Desemba hadi Februari: miezi ya matunda. Embe hujaa pwani, Morogoro na Tabora. Kenya hujaa Ukambani, nazo huuzwa kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa. Mananasi ya Kiwangwa hupatikana upande wa Chalinze na Bagamoyo. Embe bichi ikwanguliwe ndani ya mboga badala ya ndimu. Katika misitu ya miombo huu ndio wakati wa uyoga.
- Machi hadi Mei: miezi ya majani. Mchicha, matembele, majani ya maboga. Nyanda za Juu Kusini mahindi mabichi yanachomwa kila kituo. Mvua zitakulazimisha kupika chini ya turubai, kwa hiyo chagua chakula kisichokaangwa sana.
- Juni hadi Agosti: miezi ya mavuno. Machungwa ya Muheza, mbaazi mbichi, viazi vitamu, mchele mpya. Hewa ni ya baridi na vitu haviozi upesi. Kwa anayeanza, hii ndiyo miezi rahisi kuliko yote.
- Septemba hadi Novemba: miezi ya kiangazi, mpaka mvua zianze. Majani huadimika na kupanda bei, isipokuwa kwenye mabonde ya umwagiliaji. Tegemea vitunguu, maboga, mihogo, tikiti maji na dagaa wa sandukuni. Ukipita Dodoma mapema kipindi hiki, utakuta zabibu.

Mpishi wa gari haanzi na jina la chakula ndipo atafute mahitaji yake. Anaanza na kilichoko mezani kwa muuzaji, kisha anakiingiza kwenye pishi analolijua. Mapishi manne yanatosha, mradi kila moja likubali kubadilishwa nguo.

## Mapishi manne, sufuria moja

Vipimo ni vya watu wawili.

1. Choroko za tangawizi. Chambua na uoshe kikombe kimoja cha choroko. Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi, mimina choroko na vikombe vinne vya maji, funika, acha zichemke dakika 30 hadi 40. Zikishalainika ndipo uweke nyanya na chumvi. Nyanya zikitangulia, uchachu wake huzuia maganda kulainika, nawe unachoma gesi bure.

Kubadilisha: Machi weka majani ya maboga dakika tano za mwisho; Desemba weka embe bichi mahali pa nyanya; kiangazi weka vipande vya boga na tui.

2. Wali wa sufuria moja. Kaanga kitunguu, ongeza mboga ngumu ya msimu iliyokatwa vidogo (karoti, njegere, mbaazi mbichi au boga), kisha kikombe kimoja na nusu cha mchele uliooshwa. Mimina vikombe vitatu vya maji, nusu kikombe kati ya hivyo kikiwa tui. Maji yakikauka juu, punguza moto mpaka wa chini kabisa, tandaza dagaa juu ya wali, funika dakika kumi. Dagaa watashika mvuke na wali utashika chumvi yao.

3. Viazi na mayai. Kata viazi vinne vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Viweke kwenye kikaango na maji ya kufika nusu yake tu, funika, acha mpaka maji yakauke na viazi viive. Hapo ndipo mafuta vijiko viwili yaingie, vigeuze vipate rangi, kisha mwaga mayai manne yaliyopigwa na kitunguu na pilipili. Ni chipsi mayai iliyoacha karai la mafuta nyumbani.

4. Kachumbari ya kushibisha. Nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, tango au embe bichi, parachichi la kukatakata, ndimu, pilipili, na karanga zilizosagwa kijiko kimoja. Hakuna moto. Kula na chapati au mihogo uliyoinunua imeshaiva.

Hilo la mwisho lina busara ndani yake. Wanga ndio unaokula muda na gesi, na wanga ndio mama lishe huupika vizuri na kwa bei rahisi. Mpelekee hotpoti yako akujazie wali au chapati, nawe upike mboga tu. Nusu ya mlo kuwa ya kununua haikupunguzii hadhi ya upishi.

## Kwa nini maharage hayaivi Iringa?

Wanaotoka pwani hulalamika kuwa wakifika milimani gesi "haina nguvu". Gesi haina kosa. Maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na haiyakandamizi sana. Kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takribani nyuzi 1 ya Selsiasi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, kwenye mita 1,600 hivi, huchemka kwenye nyuzi 95 au chini kidogo. Kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yakishachemka hayapandi tena. Yatageuka mvuke upesi tu. Kinachosaidia ni muda na mfuniko: ongeza robo ya muda kwa wali na choroko, weka jiwe safi juu ya mfuniko usirukeruke.

Njia nyingine ni kuacha chakula kiive gari likiwa linatembea. Asubuhi chemsha choroko dakika kumi. Wakati huo chupa ya chai yenye mdomo mpana iwe imejaa maji ya moto ili ipate joto. Mwaga maji hayo, mimina choroko na maji yake yanayochemka, funga. Baada ya saa tatu za barabara zitakuwa zimelainika, na jioni ni kuzichemsha upya na kuunga.

Maharage mekundu hayafai kwa njia hii yakiwa hayajaiva. Yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na kuchemka hasa, na joto la wastani la chupa haliivunji. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa kabla ya hatua nyingine yoyote. Tena mlimani, ambako maji huchemka chini ya nyuzi 100, usipunguze hata dakika moja.

Kwa ufupi: ukipanda mlima, ongeza muda, usiongeze moto. Choroko zinaweza kumalizikia kwenye chupa. Maharage mekundu yaivie jikoni.

## Kiporo, nyani na maji

Nyumbani kiporo cha wali na chai ya asubuhi ni starehe. Kwenye gari lililoegeshwa juani ni suala jingine. Vijidudu hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na ndani ya gari lililofungwa mchana joto hukaa humo humo. Wali una hatari ya ziada: bakteria wake hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kanuni ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, au saa moja kukiwa na joto kali. Pima mchele kwa mlo mmoja. Kiporo ukikitaka, kiingize ndani ya deli lenye barafu mapema, na asubuhi kipashwe mpaka kifuke moshi.

Kwenye kambi za hifadhi, adui wa mpishi ni nyani na tumbili. Wanajua mfuko wa kitambaa una nini, na wanajua dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja. Vyakula vyote virudi ndani ya gari kila unapogeuka kwenda kunawa, na usiwarushie hata ganda la ndizi. Kuwalisha wanyama hifadhini ni kosa, na nyani aliyezoea mkono wa mtu humrudia anayefuata kwa meno.

Maji ya kunywa usiyoyajua asili yake yachemshwe kwa dakika moja kamili, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000, kama ukilala nyanda za Kinangop, Kenya. Au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Matunda ya kula na ganda na mboga za kachumbari zioshwe kwa maji hayo hayo, sio ya mtoni.

## Mfano: Dar es Salaam hadi Mbeya, mwezi Julai

Ni kama kilomita 830. Lori la mizigo lina haraka zake. Wewe lala mara mbili njiani.

Siku ya kwanza, mpaka Mikumi, kilomita 300 hivi. Machungwa kutoka Muheza utayakuta Chalinze. Morogoro mjini nunua mboga za milima ya Uluguru: karoti, njegere, kabichi. Jioni ni wali wa sufuria moja. Katikati ya Hifadhi ya Mikumi barabara hupita takribani kilomita 50. Hapo hakuna kusimama kula wala kutupa maganda.

Siku ya pili, mpaka Iringa, kilomita 200 hivi. Kabla ya kuondoka, choroko ziingie kwenye chupa. Mibuyu itaanza kusimama pande zote za barabara, na ubuyu huuzwa hapo hapo. Ni mkavu, hukaa kwenye sanduku, na ukilowekwa ni juisi. Ruaha Mbuyuni jaza vitunguu, maana bonde hilo la umwagiliaji ndiyo kazi yake. Panda mlima Kitonga polepole, kisha Ilula nyanya za ngazi tatu. Iringa mwezi Julai usiku ni wa koti, na choroko za tangawizi zenye mchuzi mwingi ndizo zinazofaa.

Siku ya tatu, mpaka Mbeya, kilomita 330 hivi. Kati ya Mafinga na Makambako ni viazi. Sado moja inatosha. Ukishuka kuelekea Chimala na Igurusi uko kwenye mchele wa Usangu, na hapo ndipo pa kujazia sanduku linaloanza kuwa jepesi. Mchana kachumbari ya nyanya za jana na chapati za mama lishe. Usiku, viazi na mayai.

Pita barabara hiyo hiyo Januari na mapishi manne yatabaki manne, ila machungwa yatakuwa embe na mananasi, choroko zitapata embe bichi, na kwenye misitu utauziwa uyoga wa kuunga na karanga.

## Ya kuondoka nayo

- Beba vikavu vya wiki, nunua vibichi vya siku mbili.
- Mwambie muuzaji safari yako. Atakuchagulia kwa siku.
- Pishi linalozidi dakika 40 lisiingie kwenye ratiba.
- Nyanya ziingie mwisho, nyama inunuliwe jioni, mkaa ubaki nje.
- Wali ni wa mlo mmoja.

Kazi ya mwisho fanya kabla ya kulala kila siku: chukua kalamu ya wino mzito, na upande wa ndani wa mfuniko wa sanduku andika mwezi, mahali na kilichokuwa kinauzwa. "Julai, Ilula, nyanya, sado." "Januari, Chalinze, nanasi." Kalenda ya sura hii ni ya jumla, na barabara unayoipenda ina desturi zake ambazo kitabu hakiwezi kuzimaliza. Mfuniko ukijaa, utakapoulizwa tena mtakula nini njiani, usome tu mwezi.